Walivyotupambanisha mimi na Grâce: kisa cha receiver wawili wa vyuo hasimu hapa Guangzhou

Wakuu, salaam kutoka Guangzhou.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka, leo nimeona na mimi niweke changu. Ni jambo lililonitokea mwenyewe na sina sababu ya kutia chumvi, maana mechi zenyewe zilirekodiwa na mashahidi wapo. Kuna mahali nitajisifu, nawaambia mapema kabisa. Mtanivumilia.

Kwa ufupi mimi ni ke, mzaliwa wa Tanga, nasoma logistics mwaka wa tatu kwenye chuo kimoja huku mji wa vyuo. Wikiendi nafanya ukalimani kwa wafanyabiashara wa nyumbani wanaokuja kununua nguo za jumla Guangyuan Xilu.

Twende sasa.

Huku chuoni somo la michezo ni lazima, usipolifaulu huhitimu. Siku ya kujisajili mtandao wangu ulikuwa unasuasua. Nilipofanikiwa kuingia nikakuta taichi imejaa, badminton imejaa, tenisi ya meza imejaa. Yalibaki mawili tu: kuogelea, na kitu kinaitwa flag football.

Kuogelea pamoja na wanaume kwangu haikuwezekana. Nikabonyeza hicho kingine. Nilidhani ni soka la kubeba bendera, sijui tutaandamana.

Kumbe ni ule mpira wa Kimarekani, wa kushika kwa mkono, ila umetolewa ukali. Hakuna kugongana wala kuangushana. Mnacheza watano kwa watano. Kila mtu anavaa mkanda wenye vitambaa viwili vinavyoning'inia kiunoni. Ukiwa na mpira, mpinzani akikuchomoa kitambaa kimoja tu, umesimamishwa hapo hapo.

Kuna mrushaji, huyo ndiye quarterback. Halafu kuna sisi tunaokimbia mbele kudaka anachorusha. Ndio receiver. Ukivuka mstari wa mwisho na mpira mkononi, pointi sita.

Mwalimu wetu ni mzee mmoja mpole anaitwa Liang, sisi tunamwita Liang laoshi, yaani mwalimu Liang. Siku ya kwanza alitupanga foleni, mmoja mmoja anarushiwa mpira. Wenzangu wengi ule mpira uliwapiga kifuani ukaanguka. Una umbo la ajabu, umechongoka huku na huku.

Mimi nikadaka. Akarusha kwa nguvu zaidi, nikadaka. Akarusha pembeni makusudi, nikadaka kwa mkono mmoja.

Akaniuliza nimewahi kucheza? Nikamwambia sijawahi hata kuugusa. Sikujua namna ya kumweleza kwa Kichina kwamba nimecheza netiboli tangu darasa la nne mpaka kidato cha sita, tena nafasi ya wing defence, na kwamba kwenye mpira wa pete usipokuwa na mikono unakalishwa benchi siku hiyo hiyo. Aliniweka timu ya chuo wiki ile ile.

(Kwa wanaojiuliza kuhusu mavazi: kanuni zinataka shati lichomekewe ili vitambaa vionekane. Fundi mmoja pale Guangyuan Xilu alinishonea suruali pana na hijabu isiyo na pini. Refa alikagua, akakubali, tukasonga mbele.)

Sasa kuna jambo hamtaliamini mpaka mumuulize mtu yeyote aliyecheza netiboli.

Kwenye netiboli ukishadaka mpira hukimbii nao. Unatua, unasimama, unatafuta wa kumpa. Ukipiga hatua ya ziada ni kosa. Miaka kumi mwili wangu ulifundishwa hivyo.

Kwenye mchezo huu ukidaka ndio kwanza unatakiwa utimue mbio.

Basi nikawa nadaka, halafu nasimama. Wenzangu wanapiga kelele "pao, pao", yaani kimbia, na mimi nimesimama kama nimepigwa picha. Nikija kushtuka kitambaa kimeshachomolewa. Kwenye mechi za mwanzo tulikuwa tunacheka tu, tulikuwa tunawafunga watu hivyo hivyo.

Mpaka tulipokutana na wenzetu wa upande wa pili wa mfereji.

Chuo chao na chetu vinatazamana. Katikati kuna mfereji na daraja la waenda kwa miguu. Kila kitu kinashindaniwa, kuanzia mbio za mitumbwi mpaka kantini ya nani ina wali mzuri. Mechi yao na yetu si mechi ya kawaida. Watu wanakuja na ngoma.

Na wao walikuwa na Grâce.

Grâce ni Mkongomani wa Lubumbashi, alikuja kusoma uhandisi. Mrefu, mabega mapana, alicheza basketi kwao. Akipewa mpira kwenye uwazi, mmekwisha. Anakimbia kwa hatua ndefu, wala haonekani kama anaharakisha, lakini humfikii. Nilimwona akipasha misuli nikasema moyoni huyu leo atatutesa.

Na alitutesa. Alivuka mstari mara mbili. Ila aliangusha mipira mitatu, nilihesabu.

Mimi nilirushiwa mipira tisa, nikadaka yote tisa. Ule wa tisa ndio wa mwisho wa mechi, tuko nyuma kwa pointi tano, tukivuka tumeshinda. Mrushaji wetu, Ah Ying, binti mmoja wa hapa hapa Guangzhou mwenye mkono wa hatari, alinitumia mpira safi kabisa. Nikaudaka hatua moja kabla ya mstari. Hatua moja, wakuu. Hakuna mtu mbele yangu.

Nikasimama.

Nilisimama nusu sekunde tu, lakini ilitosha. Kitambaa kikachomolewa kwa nyuma na mpira ukaisha.

Ile clip ilizunguka kwenye magrupu ya WeChat ya vyuo vyote viwili, tena imepunguzwa kasi. Mwanafunzi mmoja akatengeneza jedwali la kutulinganisha mimi na Grâce: kimo, mbio, kuruka, kupenya, mikono. Nilimshinda kwenye mikono tu. Chini yake mtu akaandika kwamba mimi ni shujia. Shujia ni rafu ya vitabu. Kwamba ukiniwekea kitu kinakaa salama, ila hakiendi popote.

Jina likanata. Hata wa chuo chetu wakaanza kuniita rafu.

Nitasema ukweli, niliumia. Kejeli za wapinzani ningezimeza, lakini nilijua wanasema kweli.

Wengi mnaoujua mtaa wa Dengfeng, pale Xiaobei, mnajua hakuna habari inayofichika. Kuna mgahawa wa Mama Sabra, Mzanzibari, ndipo tunapokula pilau Jumamosi baada ya kazi. Watanzania wanakaa humo, na Wakongomani nao wanakaa humo humo. Mmoja wao, Papa Kasongo, mnunuzi wa vitenge na viatu kutoka Lubumbashi, alikuwa ameiona ile clip kabla yangu.

Kuanzia hapo ikawa ndio mada. Hakuna aliyejua kanuni hata moja ya mchezo wenyewe, lakini kila Jumamosi ni ubishi: Grâce au wa Tanga? Papa Kasongo anasema mpokeaji asiyekimbia ni kama lori lisilo na matairi. Mama Sabra anamjibu kutoka jikoni kwamba huyo wako anayekimbia anakimbia mikono mitupu, mpira kauacha nyuma. Mimi nainamia pilau yangu. Niliwahi hata kufikiria kuhamia mgahawa mwingine.

Kwa namna timu zilivyokuwa zinashinda, ilionekana wazi tutakutana tena na wale wale kwenye fainali ya mji wa vyuo. Zilibaki wiki sita.

Liang laoshi aliniita. Nilijua ananitoa kikosini. Badala yake akaniuliza kwa utulivu kwa nini nasimama. Safari hii Kichina changu kilikuwa kimekaa vizuri, nikamweleza netiboli yote, nikamchorea na uwanja kwenye karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kumbe siogopi, nilikuwa nafuata sheria. Kwamba mtu anayeweza kufuata sheria moja kwa miaka kumi anaweza kujifunza nyingine kwa wiki sita.

Tukaanza upya. Kila siku jioni mimi na Ah Ying uwanjani. Ananirushia nikiwa tayari kwenye mbio, na kila nikidaka anapiga kelele "zou", nenda. Mara mia kwa siku. Ilifika mahali nasikia "zou" hata nikiwa nanunua maziwa.

Na jambo la kuchekesha ni kwamba Guangyuan Xilu ilinisaidia. Mnaofika pale mnajua ile asubuhi, wapagazi wanapita na marobota kwenye vitoroli, hakuna anayekupisha. Nilikuwa napenya mle kila wikiendi na mteja nyuma yangu. Siku moja nikajiona navyokwepa toroli, bega kwanza, kisha kiuno, bila kusimama. Nikasema kumbe miguu ninayo. Nilikuwa sijawahi kuipeleka uwanjani.

Wiki ya nne nilivuka mstari mara mbili kwenye mechi moja. Wiki ya tano mara tatu. Wale wa "rafu" wakapunguza sauti.

Siku ya fainali ilikuwa Jumapili mchana, jua la Guangzhou mnalijua, unatoka jasho hujafanya kitu. Nilipoingia uwanjani nikaangalia jukwaani nikadhani nimeota. Nusu ya mgahawa ilikuwa pale. Mama Sabra alikuwa amefunga jiko, jambo ambalo halifanyi, amejifunga kanga kiunoni, amekaa na mwavuli. Pembeni yake Papa Kasongo na wenzake, wamevaa kama wanakwenda misa. Wamekaa benchi moja na wanabishana.

Sitaisimulia mechi yote. Nitasema tu kwamba Grâce alianza yeye. Alidaka mpira mmoja mrefu sana juu ya vichwa vya mabeki wetu wawili, akavuka anatembea. Hata mimi nilipiga makofi.

Kisha ikaja zamu yangu. Ah Ying alirusha katikati, nikadaka kwenye msongamano, na miguu haikusubiri ruhusa. Nilipenya watu watatu. Nilipovuka mstari nikageuka kuangalia kama kitambaa kipo. Vyote viwili vilikuwepo. Wakuu, siku hiyo nililia uwanjani, na sioni aibu kusema.

Mpaka dakika ya mwisho tulikuwa tunaongoza 13 kwa 6. Wao wakavuka, Grâce tena, ikawa 13 kwa 12.

Hapa niwaeleze kidogo. Ukishavuka unapewa nafasi moja ya nyongeza. Ukichagua kuanzia karibu unapata pointi moja, ukichagua kuanzia mbali kidogo unapata mbili. Moja ingewapa sare. Mbili zingewapa kombe. Muda ulikuwa umekwisha, kilichobaki ni mchezo huo mmoja.

Wakachagua mbili. Na kila mtu uwanjani, mpaka Mama Sabra asiyejua kanuni, alijua mpira unakwenda kwa nani.

Kwenye timu yetu wapo wa kushambulia na wapo wa kuzuia. Mimi nilikuwa wa kushambulia tu, wakati wa kuzuia nakaa nje nakunywa maji. Binti aliyekuwa anamkaba Grâce alikuwa amechoka, tena anamfika Grâce begani.

Nikasimama, nikaenda kwa Liang laoshi.

Nikamwambia, "Mwalimu, niweke mimi kwa Grâce."

Akaniambia hujawahi kuzuia hata mechi moja.

Nikamjibu, "Hapa sijawahi. Nyumbani nimezuia miaka kumi."

Na huo ndio ukweli. Wing defence kazi yake ni hiyo: unamkaba mtu bila kumgusa. Kwenye netiboli hata kumsogelea sana hairuhusiwi. Unasoma macho ya mrushaji, unasoma miguu ya mpokeaji, unaruka ukiwa umenyooka ili usimguse, unaupata mpira njiani. Flag football nayo haitaki kugusana. Wiki zote zile nilihangaika kuisahau netiboli, na wala sikufikiria kwamba kuna sehemu yake naihitaji.

Mwalimu aliniangalia, akaangalia saa ya refa, akamtoa yule binti.

Nikaenda nikasimama mbele ya Grâce. Tulikuwa hatujawahi kusimama hivyo, ana kwa ana. Wiki zote hizo watu wanatupima kwenye majedwali na kwenye meza za pilau, sisi wenyewe tulikuwa hatujawahi kukabana hata mara moja. Aliniona akatabasamu kidogo. Akaniuliza kwa Kiswahili chao, "Ni weye leo?"

Nikamwambia ni mimi.

Mpira ukaanza. Grâce akaenda kushoto, akakata kulia kwa kasi. Sikumfuata miguu. Nilimwangalia mrushaji wao. Bega lake lilishuka kidogo kabla hajarusha, nikajua unakuja juu, kona ya kulia, pale anapofika Grâce peke yake.

Nikaruka kabla yake. Sikumzidi kimo na siwezi kumzidi kuruka. Nilimwahi tu. Nilinyoosha mkono mmoja mpaka nikahisi ubavu unavutika, nikasikia ngozi ya mpira kwenye vidole, nikauvuta kifuani.

Nikatua kwa miguu yote miwili. Nikasimama.

Na safari hii hakuna aliyenipigia kelele nikimbie. Filimbi ililia. 13 kwa 12, kombe letu.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka Ah Ying alinirukia mgongoni. Nakumbuka Liang laoshi, mzee wa watu asiyepandisha sauti, amekaa chini kwenye nyasi amejishika kichwa. Nakumbuka Mama Sabra ameingia uwanjani na mwavuli wake, mlinzi anamwambia hairuhusiwi, na yeye anamjibu kwa Kiswahili cha Unguja kwamba yule ni mwanawe, kisha anapita.

Grâce alikuja mwisho, watu walipopungua. Macho yalikuwa mekundu. Alinishika mkono akaugeuza, akaangalia kiganja changu kama anatafuta gundi.

"Ma sœur," akasema, yaani dada yangu, "ule mpira mi nilikuwa nimeshaukamata mu kichwa. Nilikuwa nimeshafika nyumbani nao."

Nikamwambia najua, ndio maana niliwahi.

Akacheka. Akaniomba nimfundishe ile ya kuruka bila kumgusa mtu. Nami nikamwomba anifundishe zile hatua ndefu. Tumekuwa tukifanya hivyo kila Jumatano, mara upande wao wa mfereji, mara upande wetu, na viongozi wa vyuo vyote viwili hawapendi hata kidogo. Muhula uliofuata mabinti wengine sita wa Kiafrika walijiandikisha flag football, wanne kwetu na wawili kwao. Hao wote walichagua wenyewe, siyo kwa sababu taichi imejaa.

Pale Dengfeng ubishi haujaisha. Papa Kasongo ana hoja mpya, anasema nilishinda kama mlinzi, kwa hiyo swali la receiver bora bado liko wazi. Mama Sabra alimwongezea wali ili anyamaze, hakunyamaza.

Na mimi nawaambieni ukweli niliowaahidi: Papa Kasongo yuko sahihi. Ukinilazimisha nichague receiver mmoja kati yetu wawili, namchagua Grâce. Anafika mahali ambapo mimi sifiki.

Nilichojifunza ni hiki. Ukifika ugenini ukakuta mambo yanafanywa tofauti, usiwe mwepesi wa kutupa yote uliyokuja nayo ili ufanane na wenyeji. Mengine kweli ubadilishe, mimi nilibadilisha miguu yangu na nilipata tabu. Lakini chambua kwanza. Mimi nilikaribia kutupa kitu kilichokuja kutuletea kombe.

Halafu, watu wakikulinganisha na mtu mwingine, jitahidi umfahamu huyo mtu. Mara nyingi ni yeye peke yake anayejua unapitia nini.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mliocheza netiboli humu njooni mseme kama nimedanganya kuhusu kusimama. Mlioko Guangzhou na mliokuwepo siku ile, semeni mlichokiona. Wakongomani nao waje wamtetee mtu wao, nitawakubalia karibu kila kitu.

Grâce ni bora, narudia. Lakini siku ile, mpira ule, ulikuwa wangu.